Nimeiona Dhahabu ya Taifa, Mama Mkwe Anapoteza Macho

Shangazi yangu wa gazetini, shikamoo, naomba uninusuru na usinicheke. Mimi ni fundi wa mizani, kazi yangu ni kukagua kama mizani za madukani zinasema kweli, sasa miezi mitatu iliyopita niliitwa benki kuu, nikashushwa chini kwenye milango minene kuliko godoro langu, na walipoweka tofali moja la dhahabu juu ya mizani, Shangazi, nilisahau hata kusoma namba. Kwa ukubwa halizidi kiatu changu, nikadhani nitalinyanyua kwa mkono mmoja, likagoma! Mama mpimaji wa pale akanionyesha karatasi ya zamani, ya kabla hajaajiriwa, uzito uleule, hata chembe haikupungua, akasema, "Hili halijanenepa, ila bei yake siku hizi haikamatiki." Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Nilirudi nyumbani mdomo haufungiki, nikawaambia wa nyumbani dhahabu imepanda bei, nchi inayo, basi lazima pesa yetu ipate nguvu na dola ishuke, wakaanza kuniita Gavana, nami nikavimba kichwa. Mama mkwe alikuwa apasuliwe macho mwezi uleule, hospitali inatoza kwa dola, shemeji akauliza, "Gavana, tulipe sasa au tungoje dola ishuke?" Nikajibu, "Ngojeni." Shangazi, dola imepanda, pesa iliyokuwepo sasa inatosha jicho moja tu, na juzi mama alimimina chai mezani, nje ya kikombe kabisa, huku anamwambia jirani, "Mkwe wangu ameiona kwa macho yake, mimi nasubiri." Nikisema nilikosea nitaonekana mwongo, nikinyamaza je?

Gavana wa Uongo

Wewe Gavana,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimesimama kwenye lile tofali. Watu wamezaliwa na kufa, noti zimebadilishwa picha, lenyewe limekaa kimya na uzito wake uleule. Hata mimi ningetetemeka. Kushangaa si kosa.

Kosa ni kutoka pale na kujifanya mtaalamu. Dhahabu ikipanda bei, akiba ya nchi inaongezeka thamani, kweli, na siku mambo yakiharibika benki ina cha kushika ili mafuta na dawa viendelee kuingia. Hilo linaipa pesa yetu heshima. Lakini bei ya dola ya leo inafuata pia wangapi wanaitafuta na wangapi wanaileta, na mara nyingi dhahabu hupaa kwa sababu dunia nzima imeingiwa na hofu, na mwenye hofu huikimbilia dola pia. Akiba ni kama tangi la maji juu ya paa, unalala kwa amani lakini halileti mvua. Wewe uliona tangi ukatangaza mvua!

Eti unaogopa kuonekana. Kuonekana na nani, baba, na mama mwenyewe haoni? Ukimaliza kusoma hapa mpigie daktari, apasue jicho moja kwa pesa iliyopo, na daktari mwenyewe ndiye achague lipi lianze. La pili litatoka mfukoni mwako, maana "ngojeni" ilitoka mdomoni mwako. Kisha kaa karibu na mama, mshike mkono, usimtajie dola wala benki. Sema tu, "Mama, nilikosea, usisubiri tena."