Damu ya Baba kwenye Kompyuta

Mwanza, Jumanne

Shikamoo bibi, mke wangu kipenzi,

Huku ziwani samaki sato anazidi sahani, lakini leo hata mimi mlafi nimeshindwa kula. Daktari ameingiza vipimo vya baba kwenye kompyuta, nayo ikachora damu inavyopita katika ule mshipa mkubwa walioushona India. Penye kiraka damu ilikuwa inazunguka, nyekundu tupu. Unanijua, sikunyamaza.

"Daktari, kwenye majaruba yetu ya mpunga, maji yakizunguka hivyo penye tuta lililozibwa, yanalichimba mpaka linapasuka."

Nilidhani atacheka. Akamgeukia baba. "Huyu kijana kasoma wapi?"

"Aliishia la tano. Kwani kakosea?"

"Hajakosea, mzee. Leo huondoki. Kesho tunapima tena."

Bibi, walimu walinichapa miaka yote kwa kukosa majibu. Leo nimepatia. Niombee kesho nionekane mjinga kama kawaida, nikurudishie mwanao akiwa mzima. Kanga yako nimeshaichagua, usije ukaolewa na mwingine.

Mumeo mdogo,
Masanja