Meza Niliyoipamba Unionville

Toronto, Oktoba

Dada yangu mpenzi Masoomah,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani Tanga, na kwamba goti limepoa, maana sauti yako kwenye simu mara ya mwisho haikuniridhisha. Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na habari yenyewe isingefika.

Unajua kuwa huku kila Oktoba wana Sikukuu ya Shukrani, familia nzima inakula pamoja. Sisi tumeizoea kwa bata mzinga wa halali na pilau pembeni. Mwaka huu nilitaka meza ipendeze, na sikutaka vya kununua. Niliokota majani mekundu uani, nikayalaza kati ya karatasi mbili za kuokea na kuyapitishia pasi ya moto mdogo ili yasijikunje. Nikafunga vijiti vya mdalasini kuzunguka mishumaa minene kwa uzi wa katani. Maboga madogo nikayakata vichwa, nikatoa mbegu, nikatia maua. Kisha kwenye kila jani nikaandika kwa wino wa dhahabu jina la atakayekaa pale: shemeji yako Yusufali, mimi, mwanangu Azim, mkewe Zeena, watoto wao wawili. Na Sabreen.

Hapo ndipo balaa ilipoanza. Shemeji yako hasemi na Sabreen tangu binti yetu huyo alipoachana na mtoto wa Madatali. Madatali ni rafiki yake wa tangu ujana, na ndoa ile waliipanga wao wawili, kwa hiyo mpaka leo anasema binti amemvunjia heshima msikitini. Kwamba kijana yule alikuwa akimfungia mtoto wangu nje kwenye theluji, hilo hataki kulisikia.

Niliweka jani la Sabreen mezani, nikaenda kukoroga mchuzi, niliporudi halipo. Nikaandika jingine, nalo likatoweka. Baadaye nikayakuta kwenye pipa la taka, juu ya maganda ya vitunguu. Nilipomuuliza Yusufali, alinijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu, eti nachezea takataka za uani kama mtoto wa chekechea, na majani yanaleta wadudu. Nikamlalamikia Azim. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kuwa nisimchokoze baba siku ya sikukuu. Zeena akaisifu mishumaa, akaipiga picha, basi. Nikaandika jani jingine tena, safari hii nikalibana chini ya sahani ya Sabreen.

Sabreen alifika kwa basi, amebeba keki ya boga aliyoioka mwenyewe. Akamsalimia baba yake, hakuitikiwa. Tulipokwenda kukaa, sahani yake ipo, jani lipo, kiti hakipo. Yusufali alikuwa amekipeleka gereji. Mtoto akasimama na keki yake mkononi, anatabasamu kama mgeni aliyekosea nyumba.

Nikampa kiti changu, nikasimama nyuma yake. Wengine wote wakaangalia sahani zao. Yusufali akakata nyama, akagawa, kisha akasema, "Parveen, kaa tule."

Nikamuuliza, "Nikae wapi?"

"Unajua pa kukaa. Mwambie huyo anyanyuke."

Dada, tangu nimeolewa sijawahi kumwaibisha mume wangu mbele ya watoto, na siku ile pia sikupiga kelele. Nilizima mishumaa mmoja mmoja, maana niliogopa majani yatashika moto na hapana wa kuangalia. Nikavaa koti, nikamwambia Sabreen twende.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Barua hii siiandiki kutoka nyumbani kwetu Unionville. Niko mtaa wa Parkdale, kwenye nyumba aliyopanga Sabreen, na hii ni wiki ya pili. Msikitini watu wanaambiwa nina mafua. Nakuomba uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa watu: sijaachwa, wala sijadai talaka, ila sirudi mpaka Yusufali amwite binti yake nyumbani kwa mdomo wake mwenyewe.

Usidhani nina raha. Nalala kwenye kochi, mgongo unaniuma, na Sabreen ananigombeza kwamba napanga upya makabati yake. Jana Yusufali alipiga simu. Moyo ukaniruka. Akakohoa, akaniuliza bizari ya pilau huwa naiweka wapi. Yote hayo, Dada, na yeye anauliza bizari. Nikamwelekeza. Akashukuru, lakini hakukata simu. Nikamsikia anavuta pumzi, nami nikangoja, maana zamu ya kusema haikuwa yangu. Mwisho akauliza, kwa sauti ya chini, Sabreen anakaa ghorofa ya ngapi. Nikamtajia. Hakusema anaulizia nini, nami kwa ukaidi wangu sikumuuliza.

Wafikishie salamu zangu wote wa nyumba hiyo, mkubwa kwa mdogo, na kwenye dua zako nitaje mimi na Sabreen. Yusufali pia mtaje, ingawa bado nimemkasirikia.

Mdogo wako akupendaye,
Parveen