Kiti cha Dereva wa Kifaru

4 Januari

Mpwa wangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi tu wazima, ila mkaza mjomba wako analalamikia goti na mimi namlalamikia yeye. Wewe je? Ukarani unakwendaje, na yule mkuu wako bado anafoka?

Kesho lori litakuletea sanduku. Ndani mna kifaru changu, kile cha vita nilichokijenga bandani kwa miaka tisa, kila kitu kikiwa moja ya sita ya kifaru chenyewe. Kimekamilika, lakini kimegandishwa kwa gundi kila mahali: magurudumu hayazunguki, mnara wa mzinga haugeuki. Nataka kitembee. Wewe ndiye uliyesomea umeme kabla hawajakufungia masjala kupanga mafaili. Kata sakafu yake, tia mota mbili, moja kwa kila mnyororo, tia betri na kipokezi cha rimoti ya redio.

Daktari anasema presha ya macho imeshakula pembeni kote. Naitazama dunia kama kwa tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linaziba. Huenda likafika katikati ya mwaka. Nataka nikione kikitembea, hata mara moja.

Usiogope kukata.

Mjomba wako

19 Januari

Shikamoo Mjomba,

Natumai goti la mkaza mjomba limepoa, na macho yako hayajazidi. Mimi mzima wa mwili.

Kifaru kimefika. Wanaume watatu walikipandisha ngazi, na jirani akaniuliza kama nimeajiriwa jeshini. Nimekiweka kati ya kitanda na dirisha. Sasa napanda kitandani kwa upande wa miguu. Mjomba, nilipobandua ubao wa sanduku nilikaa chini. Nimehesabu vipande vya mnyororo mmoja: sabini na tisa, kila kimoja na pini yake, vyote kwa mkono wako. Nilihesabu ribiti za ubavuni, nikaishia mia nne. Hata kutu umeipaka pale tu ambapo mvua ingetuama.

Na hiki ndicho unachoniambia nikate. Nitaanza Jumamosi, baada ya kupima vizuri.

Mpwa wako

11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Natumai hamjambo nyote. Huku mvua zimeanza na barabara ya ofisini imejaa maji. Kazi ya kifaru inaendelea vizuri. Sakafu nimeshaikata, mkato umenyooka, nasubiri mota tu. Usiwe na wasiwasi.

Mpwa wako

20 Machi

Marahaba mpwa wangu,

Sisi hatujambo. Sakafu hujaikata. Mtu aliyefungua tumbo la kifaru kile hawezi kuniandikia habari za mvua.

Sikukasirikii kuogopa, wewe ulikuwa ukiogopa hata kuku wa jirani. Nakasirikia kudanganywa, kwa sababu siku zilizobaki si zako kuzichezea. Jana nimelisalimia koti lililotundikwa mlangoni, nikaliuliza na habari za watoto. Mkaza mjomba wako alicheka, kisha akaliondoa mlangoni.

Shika msumeno.

Mjomba wako

3 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Sina hata uso wa kuuliza hali. Ni kweli: kila Jumamosi nilichora mstari kwa penseli, nikaufuta. Mahali pale pamekuwa peusi kwa ufutio.

Leo saa nne asubuhi nimekata. Sakafu ilipoachia, nilikilaza kifaru ubavu, nikamulika kwa tochi, nikazima. Nikawasha tena.

Nilidhani ni tupu. Mjomba, kila kitu kimo! Kuta nyeupe zilizochafuliwa na mabega ya watu. Makombora yamepangwa mahali pake, na hakuna mawili yanayofanana kwa mikwaruzo. Kikombe cha bati, kidogo kuliko ukucha wangu, kimening'inia kwenye ndoano. Na mbele kabisa kiti cha dereva, ngozi yake imeshonwa kwa uzi, katikati kimebonyea kama mtu ameinuka sasa hivi. Vishikio vya usukani viwili, rangi imelika pale mikono inaposhika. Nani angeona? Uliviweka humo, ukafunika, ukagandisha!

Nimebaki nimepiga magoti, sijui kwa muda gani.

Sasa shida. Magurudumu yanayovuta minyororo yako mbele, kwa hiyo mota lazima zikae mbele, palepale penye kiti. Betri itakaa kwenye makombora. Ili kitembee, lazima ning'oe vyote. Siwezi, Mjomba. Niambie la kufanya.

Mpwa wako

14 Aprili

Mpwa wangu,

Hali ni hiyohiyo. Naandika kwa kubahatisha mistari, utanisamehe.

Kabla mama yako hajaolewa, niliendesha kifaru kama hicho miaka mitatu. Hapo ndipo nilipokaa. Niliporudi hakuna aliyeniuliza kulikuwaje humo, na mimi sikujua pa kuanzia. Nikakaa kimya miaka mingi, kisha nikajenga. Nikafunika kwa sababu hata chenyewe kilikuwa hivyo: walio nje waliona chuma tu.

Sasa wewe umeona. Mmoja ananitosha. Ng'oa.

Mjomba wako

9 Julai

Shikamoo Mjomba,

Uko salama? Tangu Aprili sijapata barua, na ile ya mwisho mistari yake ilikuwa ikiteremka hadi nje ya karatasi. Naogopa kuuliza na naogopa kutouliza.

Niling'oa. Kiti nilikiacha cha mwisho. Kisha meno ya gia yakavunjika, kifaru ni kizito mno, nikapoteza Mei nzima kusubiri mota kubwa. Siku ya majaribio nilisahau kwamba mota zimetazamana: mnyororo mmoja ukaenda mbele, wa pili nyuma, kikazunguka papo hapo kama mbwa anayefukuza mkia, kikavunja mguu wa kiti changu. Nikageuza nyaya za mota moja, nikajaribu tena.

Mjomba, kilitembea. Polepole, pua ikiinama na kuinuka, glasi zikilia kabatini. Mwenye nyumba alipanda amefura kwa hasira, akafika mlangoni, akashika kichwa. "Lo!" alisema. "Dada, hiki kinapumua."

Jumatatu kinaondoka kwa lori, na karatasi ya maelekezo. Nilitaka nikilete mwenyewe. Mara tatu nimesimama mlangoni kwa mkuu kuomba likizo, mara tatu nimerudi mezani kwangu.

Niambie ukweli: bado unaona?

Mpwa wako

2 Agosti

Mpwa wetu,

Maneno ni ya mjomba wako, mkono ni wangu mimi mkewe. Makosa ni yake, mwandiko mzuri ni wangu. Anasema marahaba, na anasema niandike anayosema bila kuongeza.

Ulichouliza: hapana. Tangu mwisho wa Mei. Machi ningekiona. Hilo nalisema mara moja, silirudii.

Kilifika Jumatano. Nilikipapasa chote, kisha nikapewa rimoti. Nikasukuma vijiti. Mwanangu, nyayo zilikisikia kabla ya masikio! Saruji yote ya ua ilitetemeka. Mwanamke huyu akaanza kelele: kushoto! ukuta! ukuta! Nikamwambia nyamaza. Ndani ya kile chenyewe dereva alikuwa na upenyo wa upana wa kiganja, na vumbi likiingia hata huo huna. Kamanda alikaa juu nyuma yangu akiniongoza kwa mguu: akigusa bega la kulia nakata kulia, la kushoto kushoto, katikati ya mgongo nasimama. Nikamwambia apande kiti anifanyie hivyo.

(Nilimgusa kwa mwiko. Na goti hili nipande kiti?)

Nikakitoa kwenye saruji. Nikasikia minyororo ikisaga kokoto, kisha udongo, sauti ikashuka ikawa nzito, ileile. Nikalizunguka tangi la maji, nikakirudisha hadi miguuni pangu.

(Ni kweli tupu. Hakugusa kitu. Watu walijaa ukutani kutazama. Kona ya mwisho mimi nilisahau kumgusa, nilikuwa namtazama usoni. Akakata mwenyewe.)

Miaka arobaini sijakaa pale. Jumatano nilikaa.

Lakini kamanda huyu hajui kulia wala kushoto. (Mwongo.) Nataka aniongoze aliyewahi kuona ndani. Mlango wa mkuu wako ni ubao tu, mpwa wangu. Barua hii usiijibu.

Mjomba wako