Mukono wa Baba

Nura, uko? Sikiliza hii.

Unajua tangu baba apate kiharusi mukono wake wa kuume haufunguki. Kiné, yule munganga wa mazoezi ya viungo, anakuja kumufanyisha mazoezi ya kufinya mupira, na kila mara baba anamuambia apana, haiwezekani. Nikaanza kumushuku yule kiné, nikaona anatudanganya tu.

Leo nimeingia chumbani bila kubisha. Baba anafunga vifungo vya shati. Na mukono ule ule! Nura, ule ule!

"Baba, umepona?"

"Nyamaza! Kaka yako Nawaf anangoja mukono upone, anisainishe kuuza hii nyumba."

Wallahi, kila siku Nawaf anauliza, "Mukono umefunguka?" Mi nilizania ni mapenzi.

Sasa hivi ameingia, ameniuliza tena. Nimemujibu bado.