Kicheko Chumbani kwa Mama

Jumamosi, 14 Juni 2014. Mlowo.

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Ni saa kumi jioni, na malori ya barabara kuu yanapita yamewasha taa. Baridi ya Mbozi mwezi huu haina adabu.

Mama Zuhura, jirani yetu mwenye stesheneri, ana intaneti ya waya. Nyumba tatu tumeungana naye, kila mmoja kavuta waya wake juu ya ukuta. Leo niliamua kuacha kukaa na kompyuta karibu na waya kama mbuzi kwenye kamba. Ruta ninayo, kile kifaa cha kusambaza intaneti bila waya. Ilikuwa ya marehemu kaka yangu, Baba Neema, aliyekuwa na duka la simu Tunduma. Siku ya kuanua matanga vitu vyake vilipogawanywa, mimi nilipewa hiyo na koti.

Simu yake haikugawanywa kwa sababu haikuonekana. Laini tulikuwa tumeifungisha wiki ileile ya msiba, tukidhani simu iko kwa mwizi. Wazee wakauliza, nani walikuwa naye hospitali? Ni mama na shemeji, mke wa kaka. Mimi ndiye niliyesimama nikamnyooshea kidole shemeji. Nilisema anaificha. Alimbeba binti yao Neema mgongoni akarudi kwao Hasamba, na miezi minane sasa hajarudi.

Basi, ruta. Kwanza nilichomeka waya wa jirani kwenye tundu la ruta la kompyuta badala ya lile la bluu la kupokelea intaneti, nyumba zote zikakosa mtandao. Mama Zuhura akapaza sauti juu ya ukuta: "We mwalimu, umetufanya nini huko?" Nikahamisha, nikaomba radhi.

Fundi yeyote angefuta mipangilio ya zamani aanze upya. Mimi sikufuta. Jina la mtandao ni lile aliloliweka kaka, na neno la siri ni lake. Niliona kufuta ni kama kumzika mara ya pili.

Taa zikawaka. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, nione vyangu viwili, kompyuta na simu.

Vilikuwa vitatu.

Cha tatu kiliandikwa BABA NEEMA.

Nikachomoa umeme, nikasubiri, nikarudisha. Jina likarudi. Halafu nikasikia mtoto anacheka.

Ilikuwa nyuma ya ukuta, chumbani kwa mama. Kicheko kikakatika, kikaanza tena, kilekile, kwa urefu uleule. Nyumba hii haina mtoto tangu Neema aondoke. Niliogopa, sioni aibu kusema. Halafu nikaenda.

Mama alikuwa kitandani, simu ya kaka kaipakata kwenye kanga, bado iko kwenye chaji. Ndipo nikakumbuka kwamba kaka alirekodi kicheko cha binti yake akakifanya mlio wa ujumbe. Mama aliniambia aliitoa mfukoni mwa kaka kule hospitali, kabla hajafunikwa shuka. Anaichaji kila siku. Alinitazama kwa furaha iliyonitisha kuliko kicheko chenyewe.

"Miezi minane nakaa naye hasemi kitu, mwanangu. Leo kaongea."

Nikainama kutazama: simu ilikuwa imeutambua mtandao wa kaka ikajiunga yenyewe, na ujumbe wa intaneti, usiohitaji laini, ukaingia. Kioo kilijaa ujumbe, karibu wote kutoka kwa shemeji. Wa juu kabisa ulisema: "Baba Neema, mtoto kaanza kusema baba. Kwenu bado wanasema simu yako ninayo mimi."

Mtu hamwandikii marehemu kwenye simu aliyoificha mwenyewe.

Nilimwuliza mama kwa nini alinyamaza siku ile. Akasema, "Wangeigawa." Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Yeye alinyamaza tu. Aliyepayuka mbele ya wazee ni mimi.

Kesho baada ya ibada nakwenda Hasamba. Simu mama hataki kuiachia, na sitamnyang'anya. Nitakwenda mikono mitupu, na mdomo uleule uliomfukuza shemeji.

Mama ameniomba nisizime ruta. Nimeiacha.

Sasa hivi, nikiwa naandika, Neema amecheka tena huko nyuma ya ukuta. Hasamba mama yake anaandika.