Nilimwombea Kapteni wa Kwenye Tamthilia, Sasa Wanataka Daftari

Mshauri wangu mpendwa,

Mungu akuweke wewe na wote wa nyumbani kwako. Nakuandikia nikiwa nimeegemea meza ya kukunjia mashuka, mashine zinazunguka na sakafu inatetemeka, kwa hiyo mwandiko ukiyumba nisamehe, si machozi, mimi sijalia, nina hasira. Naomba msaada wako kabla ya Jumatano ya wiki ijayo, maana siku hiyo natakiwa nisimame mbele ya kikundi chetu cha maombi, nikiri kwamba nimeabudu televisheni, nikabidhi daftari la wagonjwa nililolishika miaka tisa, na niape sitaangalia tena tamthilia ya Kapteni, na nisipofanya hivyo nimefukuzwa. Nakwambia mapema kabisa, kuapa siapi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, nafua katika hospitali, shule niliishia darasa la saba lakini kuandika naandika. Kila asubuhi naingia wodini na toroli kuchukua mashuka machafu, nawaona wagonjwa, wenye ndugu na wasio na ndugu, naandika majina yao, na Jumatano jioni nayasoma kikundini tunawaombea mmoja mmoja, na Jumamosi wenzangu wanne wanakwenda kuwaona. Jina likitoka kwenye daftari langu hakuna anayeuliza mara mbili, wanajua huyo mgonjwa yupo, nimemwona kwa macho yangu. Shika hapo, mshauri, maana shida yote imeanzia hapo.

Sasa hiyo tamthilia, sijui kama unaiangalia, ni ile ya kila Jumanne saa kumi na mbili, Kapteni na watu wake watatu wanapigana na jeshi zima. Najua imetiwa chumvi, mimi si mtoto. Hapa kazini kila Jumatano asubuhi ni ugomvi. Dada wa pasi anamtetea kama kaka yake wa tumbo moja, "Mwanaume karuka kutoka kwenye helikopta bila parashuti, kaangukia kwenye lori la adui, kasimama! Wanaume zenu wanaruka nini?" na fundi wa mashine anamjibu, "Lori lilikuwa limebeba magodoro, dada! Vitani nani anabeba magodoro?" na dada anasema, "Kwani adui halali?" basi tunacheka mpaka msimamizi anagonga kioo. Mimi lawama yangu ni moja tu, fulana. Kapteni ametambaa kwenye tope, ametoka damu begani, dakika mbili baadaye fulana nyeupe pe! Damu haitoki hivyo. Damu inataka maji baridi kwanza, ukiikimbilia na maji ya moto umeipika, itakaa humo mpaka shuka lichanike. Mengine yote nimemsamehe, fulana sijamsamehe.

Lakini sababu ya kutoapa si Kapteni, ni mume wangu. Huyu baba aliendesha lori jeshini miaka kumi na tisa, na tangu arudi huu ni mwaka wa kumi na mbili, mtu mwema, hanywi, hapigi, ila maneno yake ya siku nzima unayahesabu kwa vidole, ndiyo, hapana, nipe chumvi. Nimemwombea kinywa chake kifunguke mpaka magoti yameota sugu. Basi siku ya kwanza ya ile tamthilia alikuwa pembeni anagongelea mguu wa kiti cha jikoni, Kapteni akafyatua bunduki dakika nzima, mume wangu akainua uso akasema, "Uongo."

"Uongo nini, baba watoto?"

"Magazini moja hiyo, ingekuwa imeisha zamani. Na hapo anaposhika pangekuwa pa moto, angeitupa mwenyewe."

Mshauri, niliogopa hata kupumua. Jumanne iliyofuata kiti kilikuwa kimeshapona, lakini alikileta tena na nyundo yake, akakaa. "Uongo! Lori haligeuzwi hivyo, linalala ubavu." Nikamuuliza, ninyi mlikuwa mnageuzaje, akaniambia, kwa mikono, na mdomo akitoa sauti ya gia. Ndivyo tulivyokwenda, Jumanne kwa Jumanne, nimejua walilala wapi, nani alikoroma, nani alilia barua ya nyumbani isipokuja, walivyosugua sare kwa mchanga maji yalipokosekana. Kile kiti kina misumari mpaka kimekuwa kizito, hakuna anayeweza kukiinua ila yeye. Miaka yote nilikuwa naishi na mgeni, na aliyenitambulisha kwa mume wangu ni huyo Kapteni wa uongo, sasa mtu ananiambia niape nisimwangalie?

Ikafika ile Jumanne Kapteni alipigwa risasi tisa. Nikasubiri nisikie "uongo". Mume wangu aliweka nyundo chini taratibu, akasema, "Mtu akipigwa moja tu, anamwita mama yake." Halafu akaniambia kwamba alimbeba mwenzake hivyo nyuma ya lori, saa mbili za njia mbovu, anamsikia anaita, baadaye hamsikii tena, na yeye akaendelea kuendesha polepole vile vile, asimtikise. Nikamuuliza jina lake nani. Akatikisa kichwa, akachukua nyundo, akatoka nje.

Kesho yake nikaenda kikundini. Nikasoma majina yangu yote, Mwenyekiti akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Kuna mwingine?" Nikasema yupo, amepigwa risasi, hali yake mbaya. "Jina lake?" Jina sikuwa nalo, mshauri. Nikasema Kapteni. Nikaliandika kwa kalamu.

Aliombewa yule mtu! Sijasikia maombi kama yale. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu, tunamwita Bibi wa Kiti cha Mbele, akasema yeye anafunga siku mbili kwa ajili yake, na akafunga kweli. Wiki iliyofuata, hata sijafungua daftari, akaniuliza, "Na Kapteni wetu je?" Chumba kizima kikanigeukia. Yule wa mume wangu hakuamka. Yule wa televisheni aliamka jana yake. Nikasema, ameamka. Wakaruka kwa furaha, na Mwenyekiti akasema Jumamosi waende wakamwone, nikanyamaza. Hapo nakiri, nilinyamaza.

Jumamosi wale wanne wakaenda na mfuko wa machungwa na sabuni, mimi niko huku kwenye mashine sina habari wameingia saa ngapi. Wakamwambia nesi wanamtafuta Kapteni, risasi tisa, ndiyo kwanza ameamka. Nesi akawaangalia, akasema, "Mama zangu, si huyo aliyetokea dirishani Jumanne? Kaua watu kumi na mmoja kwa chuma cha kutundikia dripu!" Wodi nzima ikaangua kicheko, mpaka wenye nyuzi za tumbo wakawa wanaomba watu wanyamaze.

Jioni hiyo, ndiyo kwanza nimetoka kazini, Mwenyekiti, aliyekuwa mmoja wa wale wanne, alikuja nyumbani, hata hodi hakupiga. "Mpe Kapteni wako!" akatupa mfuko mezani, machungwa yakabingirika mpaka sakafuni, akanitajia masharti yake matatu, akatoka. Mume wangu aliyaokota, akakaa mlangoni kwenye kile kiti, akayamenya moja moja na kuyala, yote manane.

Kikundini siwezi kujieleza, kwa sababu nikijieleza itabidi niseme habari ya mwenzake, na habari hiyo si yangu. Basi nionekane mwehu tu. Lakini kwamba nimeabudu televisheni, hapana, sikuabudu, niliomba, na niliomba kwa moyo. Na huyo Mwenyekiti kila Jumanne saa kumi na mbili nasikia muziki wa kuanzia ukitoka dirishani kwake, tofauti yetu ni kwamba yeye anashusha pazia.

Niambie nifanye nini, ila usiniambie niape.

Ni mimi,
Mama wa Toroli

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Toroli,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kuna nini, halafu nikafika pale kwenye lori na njia mbovu nikaacha kucheka. Kwa hiyo nitakugombeza kwanza, tumalize hilo, maana umekosa, na unajua umekosa, ndiyo maana umenipigia kelele ukurasa mzima kuhusu mambo ambayo hukukosea.

Kuangalia tamthilia si kosa. Kumkasirikia mtu wa kwenye kioo si kosa pia, hata mimi fulana ile imenikera. Na neno ulilosema ile Jumatano ya kwanza silihesabu kosa, ulikuwa umebeba mzigo wa mume wako na hukujua uuweke wapi. Kosa lako ni ile Jumatano ya pili. Bibi wa watu ameshinda na njaa siku mbili, anakuuliza kwa nia njema, nawe unamwambia ameamka! Wanakwambia Jumamosi tunakwenda, unanyamaza! Ulikuwa na siku tatu nzima za kufungua mdomo, mama, na hospitali ni kwako. Umewaacha wenzako wakachekwe mbele ya wagonjwa. Na wale wagonjwa wa kweli, wasio na ndugu, ambao Jumamosi hiyo hawakuonwa kwa sababu wageni wao waliondoka na aibu? Hao ni wa daftari lako. Uliwafikiria? Kwenye barua yako sijawaona.

Sasa fanya hivi. Leo hii, ukitoka kazini, nenda kwa Bibi wa Kiti cha Mbele. Usimwandalie hotuba. Mwambie hakukuwa na mgonjwa wa jina hilo, wewe ndiye uliyemfungisha, na unaomba radhi. Atakachokuambia kipokee, hata kama ni kikali. Kisha nenda kwa wale wanne, mmoja mmoja, mlango kwa mlango. Mwenyekiti awe wa mwisho, kwake upige hodi, na usiguse habari ya pazia. Usiiguse!

Jumatano ukifika simama, ndiyo, simama, lakini sema lako na si lao. Sema, "Niliandika jina ambalo si la mgonjwa, na mlipotaka kwenda kumwona nilinyamaza. Nisameheni." Kisha kaa. Wakikutaka ukiri kwamba umeabudu, hukuabudu, usikiri jambo ambalo hukulifanya hata wakikuzunguka mpaka taa zizimwe. Wakikutaka uape, usiape. Mtu hakai mbele za Mungu akaahidi kumrudisha mumewe kwenye ububu ili Mwenyekiti afurahi. Wakitaka daftari, waulize tu ni nani atakayeingia wodini kesho asubuhi na toroli kuandika majina. Akipatikana, mpe, na umfundishe. Asipopatikana, lirudishe kwenye mkoba wako, wala usiombe ruhusa. Wakikufukuza, bado Alhamisi utaingia wodini, bado utaandika, bado utaomba. Hakuna kikundi kinachoweza kukunyang'anya wagonjwa.

Huyo baba watoto umsikilize sana. Jumanne washa televisheni yako, mpe nyundo yake, mwache aseme uongo, uongo, mpaka atosheke. Halafu siku moja, Kapteni akiwa ameruka ghorofa ya saba na hakuteguka hata kidole, mwambie ulichokifanya. Mwambie ulitaka kumwombea mwenzake ukakosa jina. Usimvute. Akikupa jina, muulize kama unaweza kuliandika. Akikataa, kata neno Kapteni kwa mstari mmoja wa kalamu, na mbele yake uache nafasi tupu, na Jumatano ukifika hapo katika kusoma, nyamaza kidogo kabla ya kuendelea. Anayeuliza ni nani, mwambie ni wa nyumbani kwako.

Na usiumie sana kuhusu lile kundi lililozunguka wodi nzima likimtafuta mtu asiyekuwepo. Aliombewa mwanajeshi aliyeumia, akanunuliwa machungwa, na machungwa, kwa jinsi nilivyosoma barua yako, yalimfikia.

*Jibu hili tulimtumia Mama wa Toroli kwanza kwa posta, nasi tunalichapa leo, pamoja na barua yake, kwa idhini ya wote wawili nyumbani humo. Kabla ya kuichapa, barua ya mama ilipita kwanza mikononi mwa baba. Hakufuta kitu, ila kwenye mstari wa machungwa ameandika pembeni kwa penseli: "Uongo. Nilikula saba. La nane alikula mama watoto."*