Mti Usiopenda Majimaji

Jumapili, 5 Machi

Mikono inauma, hata kalamu naishika kwa taabu. Lakini raha! Kaka amekuja asubuhi na boksi la miche ya migunga, ile mifupi ya maua ya manjano, inayovumilia ukame. Zawadi. Eti amechoka kunisikia nikilalamikia vumbi. Nami nilidhani hanisikilizi.

Nilitaka kuipanda chini kabisa, ukingoni mwa mfereji, pale sehemu yangu inapoishia na yake inapoanzia. Akakataa. Mgunga haufi kwa kiu, akasema, unakufa kwa majimaji, mizizi itaoza. Nikampigia muuza miche, naye akasema hivyohivyo. Basi tumeipanda huku juu, katikati ya kiwanja changu, penye changarawe. Hakuna neno. Itakuwa pazia kati ya nyumba na banda langu la kufulia, siku nitakapolijenga kule chini. Banda lazima liwe karibu na mfereji, maji ya sabuni yapate pa kwenda. Nimechoka kupiga pasi kwenye banda la tajiri.

Kaka amechimba mashimo yote peke yake — na kitambi kile! Mama angekuwepo angecheka mpaka akae chini.

Jumatano, 14 Juni

Miche miwili imegeuka rangi. Kosa langu. Nimeinywesha kila jioni kama watoto wachanga. Muuza miche kasema niipe maji mengi mara moja kwa wiki, kisha niiache. Ikiona kiu itayatafuta yenyewe huko chini. Wifi, mke wa Kaka, kasema hajawahi kuona mama anayeambiwa awanyime wanawe maji. Tumecheka sana.

Jumamosi, 17 Februari

Karibu mwaka. Imenifika kifuani! Leo nimeipunguza ncha ili itanuke, iwe uzio wa vichaka na si miti. Miiba imenichora mikono yote. Juzi pia ilinichora, na tajiri akaniuliza kama nafuga paka.

Kule chini, kati ya uzio na mfereji, wifi ameanza kuanika nguo. Halafu kuna lundo la mchanga. Kaka anasema ni kwa muda tu. Sawa. Mtu na kakake wagombane kwa mchanga?

Ijumaa, 9 Agosti

Imechanua!! Mvua imetusahau, bustani za wenzangu zimebaki vijiti, na migunga yangu imejaa vidonge vya manjano, laini kama manyoya ya kifaranga. Nyuki wamejaa. Harufu inaingia mpaka chumbani.

Nimewaita majirani kama mwenye harusi. Nimejisifu, sikatai. Mimi nimepanda, mimi nimepogoa, nani mwingine? Kaka akatoa simu anipige picha. Simama hapo mbele, mwenye uzio, akasema. Nikasimama, meno yote nje.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimerudi kazini nimekuta matofali. Na mpima ardhi mwenye kamba yake. Kaka anajenga vyumba vya kupangisha, kutoka mfereji mpaka kwenye migunga.

Nikamwambia, Kaka, huku ni kwangu, Mama alisema mpaka ni mfereji. Alitugawia kwa mdomo, siku zake za mwisho, tukiwa wawili tu kando ya kitanda chake. Hakuna mwingine aliyesikia. Kaka akasema, uso mkavu, kwamba Mama hakutaja mfereji wowote. Wala hakukasirika. Angekasirika ningejua la kufanya. Aliniuliza kwa upole, mbele ya mpima:

"Mdogo wangu, nani anaweka uzio katikati ya kiwanja chake?"

Kisha akamwonyesha mpima ile picha. Nimekuja ndani nimelia.

Jumanne, 13 Agosti

Sikwenda kazini. Nimekwenda kwa muuza miche kumwomba anishuhudie: kwamba niliupanda uzio huku juu kwa sababu ya mizizi, si kwa sababu ya mpaka. Akakubali papo hapo. Halafu akaongeza, kwa wema tu, huku anajaza udongo kwenye mifuko, kwamba kaka yangu ni mtu makini. Watu wote huja kuuliza mti unaofaa mahali fulani. Yeye aliuliza kinyume.

"Alitaka mti ambao mtu hawezi kuupanda karibu na mfereji. Nikamwambia basi chukua mgunga."

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Kumbe tangu lile boksi! Tangu mashimo! Jasho lote lile lilikuwa la kazi yake, nami nikampikia, nikampa na godoro apumzishe mgongo. Amenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikashukuru. Kikulacho ki nguoni mwako — nimeusema msemo huu kwa ajili ya watu wengine maisha yangu yote.

Na wifi je? Tumecheka pamoja mwaka na nusu. Sitaki kujua. Nataka kujua.

Jumatano, 14 Agosti

Nimetoka na panga. Wifi akaja akasimama mbali. Akasema nikiukata mpaka itakuwa kesi. Mpaka! Hakusema uzio, hakusema maua. Basi naye alijua.

Sikukata. Nilibaki nimeshika tawi, maua yananidondokea kichwani. Naichukia na haijanikosea kitu. Hata nikiinyima maji haitakufa. Nimeilea vizuri mno.

Alhamisi, 15 Agosti

Mwenyekiti wa mtaa amekuja na mpima. Muuza miche hakutokea. Simu yake inaita tu. Sijui ameona aibu, sijui Kaka amepita kwake kwanza.

Mwenyekiti aliuliza swali moja: nani aliyepanda? Majirani wote wakanitazama, walewale niliowaita waone. Ningeweza kusema ni Kaka, si ndiye aliyechimba? Nikasema nimepanda mimi. Nikaanza habari ya mfereji, ya mizizi, ya swali la Kaka kwa muuza miche. Mwenyekiti akainua kiganja. Ameshasikia alichotaka.

Sasa wanapima, mpaka uwe kwenye uzio. Niko jikoni naandika, dirisha wazi. Kamba imenasa kwenye miiba, mpima anasonya. Mwenyekiti anashauri wakate tawi. Kaka anasema hapana, msiharibu, mwenyewe yupo. Na ananiita, kwa sauti ileile ya siku zote, ya upendo kabisa:

"Mdogo wangu, njoo uwapitishie kamba. Wewe ndiye unayejua pa kupenya."

Napajua. Ni pembeni kidogo ya pale nilipopogoa mara ya mwisho. Kule nje wananingoja. Anaita tena —